Watu na Maisha Yao: Raiffeisen, Meya wa Wakulima



Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kukuleteeni habari za masheikh, manahodha na washairi wa pwani yetu, na baadhi yenu mmekwisha kutuandikia kwamba hata hao sasa wanakaribia kutuishia. Mwezi huu tunatoka kidogo nje ya ada. Tutasimulia maisha ya Mkristo wa Kijerumani, meya wa vijiji, mtu asiyewahi kukanyaga pwani yetu wala kuwa na habari nayo. Sababu ya kumchagua haiko mbali. Ni ule mfuko wetu wa maziko.

Wengi wenu mnayajua yaliyotokea, kwa hiyo hatutayarefusha. Mfuko ulianzishwa kwa ukarimu wa ndugu wanne wenye uwezo, na kwa miaka kadhaa kila palipotokea msiba wao ndio waliotoa, nasi wengine tukala pilau ya khitma na kuwaombea dua. Kisha mmoja wao akahama mji, wa pili biashara ikamlemea, na wawili waliobaki wakachoka. Hatuwalaumu, nani asingechoka? Lakini msiba uliofuata ulikuta sanduku tupu, na familia ya marehemu ikaenda kwa wakopeshaji wa mtaani ili mzee wao asafirishwe akazikwe kwao. Sisi wa jarida hili tulipata habari hiyo baada ya arubaini kupita. Deni lile bado linalipwa hadi leo, na kila mwezi linazaa. Kikao kilichoitishwa baadaye kuuzungumzia mfuko kiliishia katika makelele, na hapo ndipo ndugu yetu mmoja aliyepata kuishi Ujerumani alipoinuka akataja jina ambalo wengi wetu tulikuwa hatujalisikia: Raiffeisen.

Yeyote aliyewahi kupita vijiji vya Ujerumani au Austria ameliona jina hilo limeandikwa juu ya milango ya mabenki na maghala ya mbegu. Huenda alidhani ni jina la kampuni tu, kama tulivyodhani sisi. Kumbe ni jina la mtu, na mtu mwenyewe alikufa akiwa hana mali ya kutajika.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika mji mdogo wa Hamm, kando ya mto Sieg, katika nchi ya vilima iitwayo Westerwald, mashariki ya mto Rhine. Nchi hiyo wakati ule ilikuwa chini ya ufalme wa Prusia. Alikuwa mtoto wa saba katika tisa. Baba yake alipata kuwa meya wa hapo Hamm, lakini nyumba iliingia katika ufukara watoto wangali wadogo, na mzigo ukamwangukia mama. Fedha za kumpeleka kijana skuli za juu hazikuwapo. Elimu aliyoipata zaidi ya ile ya kijijini alifundishwa na mchungaji wa hapo hapo. Alipofika umri wa miaka 17 aliingia jeshini, katika kikosi cha mizinga, na huko angeweza kupanda vyeo lau macho yake yasingeanza kuugua. Mwaka 1843 alilazimika kuliacha jeshi. Maradhi hayo ya macho hayakumwacha tena hadi kufa kwake, na msomaji ayaweke moyoni, maana yatarudi katika hadithi.

Akaingia katika utumishi wa serikali, na mwaka 1845, hajatimiza hata miaka 27, akafanywa meya wa Weyerbusch. Neno hili lisikupotezeni. Umeya wake haukuwa wa mkufu wa dhahabu na gari la rangi nyeusi kama mameya tunaowaona hapa Uingereza siku za sherehe. Ulikuwa ni kusimamia kundi la vijiji maskini vilivyotawanyika vilimani, ardhi yake nyembamba, baridi yake kali, njia zake tope tupu. Mwaka huo huo alimwoa Emilie Storck, binti wa mwuza dawa wa mji wa Remagen.

Mara akakabiliwa na njaa. Ugonjwa wa viazi ulikuwa umekwisha kuenea Ulaya tangu 1845, na mwaka 1846 nafaka nayo ikaharibika. Katika majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847 watu wa Westerwald hawakuwa na mkate. Serikali ya Prusia ilipeleka unga, lakini kwa amri kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Sasa, mtu aliyekwisha kula mbegu zake na kuuza ng'ombe wake atoe wapi fedha taslimu? Meya kijana akaupokea unga, akaisoma amri, kisha akawagawia wenye njaa kwa mkopo. Alikuwa mtumishi wa serikali anayevunja amri ya serikali, na dhamana ya jambo hilo ilikuwa juu ya shingo yake. Halafu akawakusanya wenye uwezo wa vijiji vyake, wakatia fedha pamoja, wakanunua nafaka zaidi, wakajenga tanuri la jumuiya, na mkate ukaokwa na kuuzwa kwa bei iliyo pungufu sana kuliko ya soko, kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno. Jumuiya hiyo iliitwa Chama cha Mkate. Na walipokwisha kuvuna, walilipa.

Mwaka 1848 akahamishiwa Flammersfeld, na huko akakutana na njaa ya namna nyingine, ambayo haiji kwa mwaka mmoja na kuondoka. Hapa tunaomba subira ya msomaji, kwa sababu jambo lenyewe ndilo lililomshughulisha maisha yake yote.

Mkulima wa nchi ile alikuwa hapungukiwi na bidii. Alipungukiwa na fedha za kungojea mavuno. Benki za mjini hazikumjali, maana kijishamba chake hakikutosha kuwa rehani. Hivyo akamwendea mkopeshaji wa binafsi au mchuuzi wa mifugo. Palikuwa na mkataba mmoja uliokuwa mashuhuri: mchuuzi humweka ng'ombe katika zizi la mkulima, mkulima humlisha na kumtunza, lakini ng'ombe hubaki mali ya mchuuzi, na anapozaa au kunenepa, sehemu nono ya faida humwendea yule mwenye mali. Mkulima akitaka kumnunua hupangiwa bei juu ya bei. Akichelewa, riba hupanda juu ya riba. Mwisho wake shamba hupigwa mnada. Wasomaji wetu hawahitaji tafsiri ya mambo haya. Waliosoma vipeperushi vinavyotiwa milangoni mwetu, vya mikopo isiyoulizwa maswali, wanaujua mkataba huo kwa jina jingine.

Tarehe ya chama chake cha pili ni 1849. Watu wapatao 60 wenye uwezo wa Flammersfeld walitia sahihi kuwa wadhamini kwa mali zao, na kwa dhamana hiyo chama kikakopa fedha, kikanunua ng'ombe na kuwapa wakulima maskini, nao wakalipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitano. Mwaka 1852 akahamishiwa tena, mara hii Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied penye mto Rhine wenyewe, na mwaka 1854 akaunda chama cha tatu. Hiki alikipa kazi nyingi kupita kiasi: kuwalea watoto walioachwa, kuwatafutia kazi waliotoka gerezani, kuweka maktaba, na kukopesha. Kwa muda mfupi ikadhihirika kwamba kati ya kazi hizo zote ile ya kukopesha ndiyo iliyoshika mizizi.

Ila palikuwa na ufa, na ufa huo ndio uliotufanya tuandike makala haya. Vyama vyote vile vilikuwa vya matajiri kwa ajili ya maskini. Tajiri alitia sahihi, maskini alipokea. Mwaka wa kwanza tajiri alikuwa na huruma, wa pili alikuwa na heshima ya kulinda, wa tatu akaanza kuuliza kwa nini adhaminie ng'ombe wa mtu asiyemjua. Mmoja mmoja walijitoa. Raiffeisen, aliyekuwa Mprotestanti mcha Mungu na aliyeamini kwa dhati kwamba mwenye nacho ana wajibu kwa asiye nacho, alichukua miaka kulikubali jambo hilo. Alikuwa akiandikiana na Hermann Schulze-Delitzsch, mwanasheria na mwanasiasa aliyekuwa akiunda vyama vya mikopo kwa mafundi na wenye maduka wa mijini, na huyo alishikilia kwamba sadaka haijengi chama. Wanaohitaji mkopo ndio wanaopaswa kuwa wanachama. Raiffeisen alibishana naye, kisha akasalimu amri kwa shingo upande. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kikageuzwa kuwa chama cha mikopo, na kanuni ikawa hii: hakopeshwi ila mwanachama, na kila mwanachama, tajiri na maskini, anadhamini madeni ya chama kwa mali yake yote.

Tunarudia maneno hayo kwa sababu tulipoyasoma mara ya kwanza tulidhani tumekosea: kwa mali yake yote, bila ya mpaka. Mwenye shamba kubwa na mwenye mbuzi watatu, kila mmoja akiwa mdhamini wa mwenziwe. Kwa dhamana ya namna hiyo kijiji kizima kilichokuwa hakikopesheki, mtu mmoja mmoja, kikageuka kuwa mkopaji wa kuaminika, na fedha za mjini zikaja kijijini kwa bei nafuu. Lakini nani katika akili zake timamu atatia sahihi hati kama hiyo?

Jibu lake lilikuwa ni udogo. Chama hakikuruhusiwa kuvuka mipaka ya parokia moja au kijiji kimoja. Watu walijuana. Walijua nani mlevi, nani hulipa kabla ya kudaiwa, ng'ombe wa nani amekufa, mke wa nani anaumwa. Mkopo ulitolewa kwa shughuli iliyotajwa, na wenziwe waliweza kuona kwa macho kama fedha ya ng'ombe imenunua ng'ombe au imeishia kilabuni. Kamati haikulipwa mshahara. Mshika daftari peke yake ndiye aliyepewa ujira, na yeye hakuwa na sauti ya kuamua nani akopeshwe. Faida haikugawanywa kwa wanachama, bali ilikwenda katika akiba ya chama isiyoweza kugawanywa hata chama kikivunjwa. Muda wa kulipa ulikuwa mrefu, wa miaka, kwa kuwa ardhi hairudishi fedha kwa miezi mitatu. Hilo la mwisho na hilo la kutokuwa na hisa ndiyo yaliyomgombanisha baadaye na Schulze-Delitzsch, na ugomvi wao, ambao ulifika hata katika mabaraza ya kutunga sheria, ulidumu miaka mingi na kuandikiwa kurasa nyingi. Hatutawachosheni nao.

Mabaya yalimjia kwa pamoja. Mwaka 1863 Emilie alifariki, akamwacha na watoto. Yeye mwenyewe akaugua, na macho yakazidi kufifia, hata mwaka 1865 serikali ikamstaafisha akiwa na miaka 47 tu na pensheni isiyotosha nyumba. Alijaribu kiwanda kidogo cha sigara, hakikufika mbali. Akaingia katika biashara ya mvinyo, na wasomaji wetu watuwie radhi kwa kuitaja, lakini ndiyo iliyowalisha watoto wake. Tunamfikiria mtu huyu, mwanzilishi wa mabenki, akizunguka na mapipa ili apate fedha za nauli ya kwenda kuwafundisha wakulima namna ya kuweka hesabu.

Wala hasingeweza kazi hiyo bila ya Amalie. Huyu alikuwa binti yake mkubwa, aliyekuwa hajatimiza miaka 20 baba alipostaafu. Kwa kuwa baba haoni maandishi, Amalie aliyasoma na kuyaandika. Barua zilizotoka kila upande wa nchi kuuliza namna ya kuanzisha chama zilipita mikononi mwake. Kitabu kilichotoka mwaka 1866, kilichoeleza vyama vya mikopo kuwa ni dawa ya umaskini wa vijijini na kilichoyaeneza mambo haya kote Ujerumani, baba alikisema kwa mdomo na binti akakiandika. Hakuolewa. Jina lake halikuandikwa juu ya mlango wa benki yoyote. Katika safu hii tumekwisha kuandika habari za wanaume wengi mno ambao nyuma yao palikuwa na Amalie wao, na hatukumtaja hata mmoja. Hilo ni kosa letu na tunaliungama.

Kwa upande wa pili, hatukubali kumsafisha mtu huyu kuliko alivyokuwa. Alipoandika juu ya wakopeshaji na wachuuzi wa mifugo, Raiffeisen hakuishia kuilaumu riba; aliwatupia lawama Wayahudi kama kaumu. Ni kweli kwamba wengi katika wachuuzi wa mifugo wa Westerwald walikuwa Wayahudi, watu ambao kwa karne nyingi walizuiliwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi, wakaachiwa uchuuzi na ukopeshaji. Lakini palikuwa na wakopeshaji Wakristo pia, na palikuwa na Wayahudi maskini kama mkulima yeyote. Maneno ya namna ile yaliyoandikwa na watu walioheshimika yalirithiwa, na tunajua Ujerumani ilifika wapi miaka 50 baada ya kufa kwake. Sisi tunaoishi katika nchi ambazo kosa la mmoja wetu huandikwa gazetini kwa jina la dini yetu sote hatuwezi kuupita ukurasa huo kimya kimya.

Vyama vilienea. Katika vijiji vya Wakatoliki na vya Waprotestanti, mapadri na wachungaji mara nyingi ndio walioviongoza au kushika daftari lake, kwa kuwa kijijini wao na mwalimu ndio waliojua hesabu. Miaka ya 1870 Raiffeisen aliona kwamba chama kimoja kinaweza kuwa na fedha zilizolala wakati chama cha kijiji cha pili kinahangaika, kwa hiyo akaunda benki za kati za kuviunganisha. Mwaka 1867 alioa mara ya pili, mjane aitwaye Maria Panseroth. Alifariki tarehe 11 Machi 1888 hapo hapo Heddesdorf, vyama vya mfano wake vikiwa vimefika mamia. Mwaka uliofuata sheria mpya ya Ujerumani iliruhusu vyama vyenye dhamana iliyo na mpaka, na ile dhamana ya mali yote ikaanza kupungua taratibu. Leo vijiji vingi havina tena chama chao. Vimeunganishwa na kuunganishwa hadi vimekuwa mabenki makubwa, na huenda mwanachama asimjue hata karani wa dirishani. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza ushirika wa namna hii katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa maombi ya Ujerumani. Ng'ambo ya bahari, Mkatoliki mmoja wa Kanada, Alphonse Desjardins, aliyekuwa mwandishi wa hansadi bungeni, aliyasoma mambo haya na mwaka 1900 akaanzisha chama cha akiba na mikopo katika mji wake wa Lévis. Vyama vya Tanzania na Kenya ambavyo tunaviita SACCO, ambavyo wengi wetu tuna ndugu waliomo, ni vya ukoo huo.

Hapa tunajua msomaji anatungojea mlangoni na swali lake, nalo ni la haki. Je, vyama hivyo havikutoza riba? Vilitoza. Raiffeisen aliipiga vita riba ya kunyonya, na badala yake akaweka riba ndogo. Kwake hilo lilikuwa ushindi. Kwetu halitoshi, na hatumwombi mtu yeyote alifumbie macho. Waislamu walipoyatazama mambo ya Wajerumani hawakuyachukua kichwa kichwa. Ahmad al-Najjar, mchumi wa Kimisri, alisoma Ujerumani ya Magharibi, akaona namna benki ndogo za akiba za huko zilivyokusanya fedha ya mtu wa kawaida na kuiacha ifanye kazi katika mji ule ule. Aliporudi kwao alianzisha, mwaka 1963, benki ya akiba katika mji wa Mit Ghamr, kwenye delta ya mto Naili, akaiondolea riba kabisa. Fellahi aliweka akiba yake ndogo, na aliyeweka akiba aliweza kukopa bila ya nyongeza. Palipokuwa na biashara, benki iliingia kwa kushirikiana faida. Watu ambao hawajawahi kuingia benki waliingia. Mradi ulikomeshwa mwaka 1967, katika siasa za nchi ile, lakini mwaka 1971 Misri ikaanzisha Benki ya Jamii ya Nasser bila ya riba, na historia ya mabenki ya Kiislamu ya zama hizi huanzia aghlabu hapo Mit Ghamr.

Kwa hivyo tuliporudi kuuzungumzia mfuko wetu, hatukuwa na haja ya kubishana kama Mjerumani ni wa kufuatwa au si wa kufuatwa. Karadha njema tunaijua kabla yake. Upatu mama zetu wameucheza tangu Ng'ambo na Majengo, na kwa muda wote tuliokaa hapa hatujasikia mwanamke aliyepokea zamu yake ya kwanza akakimbia. Kilichotuuma ni kile alichojifunza yeye kati ya 1849 na 1864: kwamba tuliwaachia watu wanne mzigo, tukauita ukarimu wao kuwa ni mfuko wetu.

Mapendekezo yaliyoandikwa baada ya kikao cha pili, ambacho alhamdulillah hakikuwa na makelele, ni haya. Kila nyumba itoe kiasi kimoja kila mwezi, kidogo, awe mwenye duka au mfagizi wa hospitali. Mfuko utasimamia maziko kwanza. Ukizidi, utakopesha wanachama kwa dharura bila ya nyongeza, kwa muda mrefu wa kulipa. Hautavuka mji huu. Kamati haitalipwa. Daftari litasomwa kwa sauti mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu, na litashikwa na mtu asiye na kura ya kuamua nani akopeshwe. Akina mama wametaka nafasi tatu katika kamati ya watu saba, na tunadhani wameomba chache, ukizingatia nani kati yetu mwenye uzoefu wa upatu.

Jambo moja halikupita bila ya ubishi, nalo ni lile lile. Ikiwa mkopaji ameshindwa kulipa, au amehama usiku, nani atafidia? Pendekezo lasema nyumba zote kwa sawa. Ndugu mmoja alisimama akasema yuko tayari kumzika yeyote lakini hayuko tayari kudhamini deni la mtu ambaye watoto wake hawajui hata kumwamkia. Palikuwa kimya. Mzee mmoja akamjibu kwamba basi waanze kwa kuwaleta watoto waamkie. Watu wakacheka, lakini yule ndugu hakucheka, na tunakiri kwamba hoja yake haijajibiwa. Wale wa Westerwald waliishi ukuta kwa ukuta tangu kwa mababu. Sisi wengine tumetoka Unguja, wengine Lamu, wengine Ngazija, wengine Bujumbura, na tumejuana kwa Idi mbili na maziko.

Kwa anayetaka kwanza deni la ile familia limalizwe kabla ya jambo lolote jingine, hilo limekubaliwa, na mchango wake unapokewa mbali na mfuko. Hati ya mfuko yenyewe imewekwa katika chumba cha madrasa, juu ya meza iliyo karibu na rafu ya viatu, pamoja na kalamu. Hadi tunaupeleka ukurasa huu kupigwa fotokopi, nyumba zilizotia sahihi ni kumi na moja.